Daftari la Wapole

Vijana, kabla hamjaipiga modemu kofi, naomba dakika chache. Nawaona. Intaneti ikizubaa, mmoja anaizima na kuiwasha, wa pili anaihamishia dirishani kama mche wa nyanya unaotafuta jua, wa tatu anaipuliza. Modemu haina kosa. Ni kama karani wa dirishani: yeye ndiye anayetukanwa, lakini faili limekwama kwingine.

Faili lenu limekwama chini ya ardhi. Nalijua kwa sababu nilifanya kazi huko chini, nikiwa fundi wa kuunga kebo za simu hapa Morogoro, hadi nilipostaafishwa nikiwa bado na meno yote. Sikusoma chuo. Nilianza kama mchimba mitaro, nikajifunza umeme kwa vitabu vilivyosahauliwa stoo, kitabu kwenye goti moja na kamusi kwenye goti la pili.

Njia yenyewe ni hii. Kutoka kituo cha simu mjini inatoka kebo nene yenye mamia ya nyaya za shaba. Kila mteja ana nyaya mbili, na hizo mbili tunaziita jozi. Kebo inapita chini ya barabara kutoka chemba hadi chemba. Chemba ni lile shimo la zege lenye mfuniko wa chuma ambao mnapenda kuegesha bodaboda juu yake. Inaishia kwenye kabati la kijani pembeni mwa barabara. Kutoka hapo jozi zinagawanywa kwenda nguzoni, na kutoka nguzoni zinaingia kwenu. Kebo yetu ililazwa zama ambazo nyaya zilivikwa karatasi. Ndiyo, karatasi. Muziki wenu na mpira wenu wa Ulaya vinapita ndani ya karatasi yenye umri mkubwa kuliko baba zenu. Karatasi ikiwa kavu ni kinga nzuri sana. Ikilowa ni uji.

Na Morogoro maji hayaishi. Mtu alikuwa ananiambia, "Fundi, simu inakwaruza, na wala mvua haijanyesha." Imenyesha, ndugu yangu. Imenyesha juzi kule juu mlimani Bondwa, na sasa inateremka kwa miguu.

Ufundi alinifundisha Mzee Kibwana, mtu mfupi, mkimya, asiyependa kurudia neno. Siku ya kwanza hakunipa koleo wala bisibisi. Alinipa ndoo.

"Toa maji kwanza," alisema. "Mengine tutaongea."

Kila jioni kabla hatujasaini kuondoka, aliingiza mkono kwenye ndoo yangu. Akiikuta kavu, aliuliza, "Leo ulikuwa wapi?" Siku moja nilichelewa kwenye pombe ya msiba, nikaona nijiokoe kwa kuimwagia maji ya bomba pale ofisini. Mzee Kibwana akachovya kidole, akanusa.

"Haya yana dawa," akasema. "Ya chemba yana vyura. Kesho utakuja saa kumi na mbili."

Yeye ndiye aliyenionyesha kipimo ambacho hamtakikuta kwenye simu zenu. Unayeyusha nta kwenye sufuria ndogo. Unachuna kipande cha karatasi kutoka kwenye waya, unakitumbukiza ndani. Kikitulia, kebo ni kavu. Kikitoa povu na kuchachatika kama kitumbua, ndani kuna maji, na huna ruhusa ya kufunga ungio, yaani pale nyaya zinapounganishwa. Unakata nyuma kidogo, unajaribu tena. Unakata mpaka karatasi inyamaze.

Nilikuwa namsikiliza. Kisha akastaafu, nikawa najisikiliza mwenyewe. Muda si mrefu nikapewa ungio kwenye chemba ya njia ya Kilakala. Stoo haikuwa na mkono wa risasi, ile ala ya madini laini inayovishwa ungio ili maji yasiingie. Mkuu wa kituo alitaka kazi iishe siku hiyo hiyo, na karatasi bado ilikuwa inatoa povu, kidogo tu, kama sabuni ya kufulia mara ya pili. Nikalifunga kwa mfuko wa nailoni, nikazungushia mpira wa ndani wa baiskeli, nikaning'iniza kibati nilichoandika kwa msumari: YA MUDA. ALFONSI. Nilikusudia kurudi baada ya wiki moja. Kumbukeni kibati hicho.

Likaja soko huria. Kampuni yetu ikapata mwekezaji, na mwekezaji akatupatia mashati mapya, vitambulisho vya kuning'iniza shingoni na kozi ya siku mbili ya kutabasamu kwenye simu. Tulijifunza kwamba mteja anausikia mdomo uliotabasamu. Sele, mwenzangu wa zamu, akauliza kama mteja anausikia pia mdomo uliotabasamu kupitia kebo iliyolowa. Mkufunzi akamwambia hilo ni swali la kitengo kingine.

Kebo yenyewe haikupata kitu. Ila ukutani pakawekwa ubao. Zamani kazi yangu ilipimwa kwa mkono wa Mzee Kibwana ndani ya ndoo. Sasa ilipimwa kwa idadi ya malalamiko niliyoyafunga kwa wiki. Na lalamiko lilihesabiwa limefungwa pale mteja alipoacha kupiga simu. Someni sentensi hiyo mara mbili, maana ndimo ilimozaliwa kazi mpya iliyoitwa kuhamisha.

Kuhamisha ni rahisi. Bwana mkubwa analalamika jozi yake ina ubovu. Kutengeneza ni siku mbili ndani ya chemba. Kuhamisha ni dakika tano: unafungua kabati, unachukua jozi nzima ya mtu mwingine, unampa bwana mkubwa, na ile mbovu unampa yule mwingine. Mwenzako kule kituoni anafanya vivyo hivyo upande wake. Lalamiko limefungwa. Ubovu haujaenda popote, umebadilisha nyumba tu.

Shida ni moja: yule uliyempa ubovu naye anaweza kulalamika. Kwa hiyo fundi mzuri alipaswa kujua nani halalamiki. Mafundi wote walikuwa na watu hao kichwani. Mimi, mtu wa utaratibu, niliwaandika. Sitawaficha: daftari lilikuwa langu. Nilichora mistari kwa rula. Upande wa kushoto wakali: wanasheria, wenye mahoteli, mstaafu mmoja wa jeshi aliyepiga simu hata pale simu ilipokuwa nzima, ili kuuliza itaharibika lini. Upande wa kulia wapole: masista wa zahanati, wajane, walimu, mzee mmoja wa Matombo aliyedhani kukwaruza ndiko kunakofanya sauti ifike mbali. Mafundi waliliazima daftari hilo kwangu kama watu wanavyoazimana ngazi.

Nikilitazama leo naona kitu ambacho sikukiona wakati ule. Kila nyumba iliyonikaribisha chai ilikuwa upande wa kulia.

Mpole namba moja alikuwa Mwalimu Veronika. Alifundisha baiolojia kwenye shule binafsi, akiishi Kilakala na mama yake aliyepooza. Hata nikipita tu na ngazi yangu, hakuniacha. "Kaka Alfonsi, pole na kazi. Ingia kwanza, kuna magimbi ya moto." Nilikula magimbi yake, nikamuuliza simu inaendeleaje, akajibu, "Si mbaya, kaka. Mnajitahidi." Nikatoka, nikaweka alama ya tiki mbele ya jina lake.

Kisha kampuni ikatangaza intaneti ya kasi ya majumbani. Mjini pakasimamishwa bango la duma anayekimbia. Sele akalitazama, akasema, "Huyo duma mwambieni avue viatu, huku chini kuna maji." Haikuwa kebo mpya. Ilikuwa ile ile, karatasi ile ile, ila sasa, badala ya kubeba "haloo, mama hajambo?", iliambiwa ibebe dunia nzima.

Akaja Meneja wa Masoko kutoka makao makuu, kijana mwenye viatu vyenye ncha, akapangiwa nyumba ya kampuni Kilakala. Wageni walikuwa waje kuonyeshwa kasi sebuleni kwake. Alijaribu, ukurasa mmoja ukachukua muda wa kupika ugali. Mkuu wa kituo akaniita.

"Alfonsi, meneja anataka jozi safi."

"Zipo chache, mkuu. Zote zina watu."

"Sijauliza zina nani."

Nilipima jozi zote za kabati lile. Iliyokuwa nzima kuliko zote, kavu kabisa, ilikuwa ya Mwalimu Veronika, ambaye zamu yake ya kupewa ubovu ilikuwa bado. Nikatazama upande wa kulia wa daftari, nikaona tiki zangu, na baada ya dakika tano meneja alikuwa na duma wake. Wageni walipiga makofi. Mimi nilipata soda.

Baada ya siku nne Mwalimu Veronika alikuja ofisini. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga pale. Alisimama kaunta, akisubiri watu watatu waliokuja baada yake wahudumiwe, mpaka nilipomwona.

"Mwalimu! Karibu. Kuna tatizo?"

"Samahani kukusumbua, kaka Alfonsi. Najua mna kazi nyingi."

"Sema tu."

Akasema taratibu, kama anaomba ruhusa. Shule yake imetangaza kwamba mwakani mwenye diploma atampisha mwenye shahada. Yeye kwa miaka minne amekuwa akisoma shahada kwa masafa, kwenye chuo cha nje, usiku baada ya kumlaza mama. Amemaliza yote isipokuwa mtihani wa mwisho wa mdomo: walimu watatu wanamhoji kupitia kompyuta kwa dakika arobaini. Juzi walimhoji. Dakika ya sita mtandao ukakatika. Ukarudi, ukakatika. Wamempa nafasi ya pili, Ijumaa saa kumi jioni. Ya tatu haipo. Kwenda kulipia kompyuta mjini hawezi, hana wa kumwachia mama.

"Ilikuwa nzuri kabisa wiki iliyopita," alisema. "Labda nimegusa kitu mimi. Nimeifuta vumbi ile modemu. Sikupaswa kuifuta?"

Nimewahi kutukanwa na wakali wote wa mji huu, na sikuumia kama nilivyoumia na swali hilo.

"Hukukosea kitu, Mwalimu," nikamwambia. "Ijumaa itakuwa nzima."

Ilikuwa Jumanne. Nikamwomba mkuu wa kituo nimrudishie jozi yake. Akacheka. Ya meneja haiguswi, imewekewa lakiri. Nikarudi mezani. Sele akanivutia daftari.

"Kaka, unahangaika nini? Mpe ya masista."

"Wana zahanati, Sele."

"Masista hawalalamiki. Wanasali."

Niliichukua kalamu. Nawaambia ukweli wote: niliishika juu ya jina la zahanati, na wino uligusa karatasi. Kisha nikajiuliza sista mmoja akitaka kumpigia daktari Ijumaa saa kumi, atamhamishia nani ubovu wake. Nikaiweka kalamu, nikaenda stoo, nikaomba ndoo.

Mtunza stoo akauliza, "Ndoo ya nini?"

"Ya maji."

"Kwani bado tunafanya hiyo?"

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi niliinua mfuniko wa chemba ya Kilakala. Maji yalikuwa hadi shingoni mwa shimo. Nilichota mpaka saa tano. Watu walipita wakanipa pole. Mmoja akaniuliza kama nauza. Maji yalipofika magotini nikaingia, nikafuata kebo kwa vidole, nikafika kwenye ungio lililovimba kama jipu. Nikalifuta tope. Kulikuwa na mpira wa baiskeli. Chini ya mpira, mfuko wa nailoni. Na kibati, kimekula kutu, kikisomeka vizuri kabisa: YA MUDA. ALFONSI.

Nilikaa kwenye ukingo wa lile shimo, miguu ndani. Kumbe ule ubovu niliokuwa nauzungusha mji mzima kwa rula na tiki, nyumba kwa nyumba, ulikuwa wangu mwenyewe. Nilikuwa naugawa kama mtu anayegawa sadaka.

Nikawasha jiko la mkaa, nikayeyusha nta. Karatasi ilichachatika. Nikakata nyuma, ikachachatika. Nikakata tena. Jumatano ikaisha, Alhamisi ikaisha. Ofisini malalamiko yaliyoandikwa jina langu yalikuwa yanarundikana ubaoni, na mkuu alituma ujumbe kuuliza kama ninaumwa. Ijumaa asubuhi karatasi ikanyamaza. Muda uliobaki ulitosha fungu moja tu, jozi kumi, ya Mwalimu Veronika ikiwemo. Nikaziunga moja moja, nikazikausha kwa joto la jiko, nikazifunika kama Mzee Kibwana anavyotaka. Saa nane na nusu nilipanda kwenda kabatini kupima.

Nikakuta kabati liko wazi na Sele yuko ndani hadi mabegani.

"Kaka Alfonsi, umefanya maajabu!" akasema. "Kule kituoni wameona jozi kumi zimepona. Tisa nimeshazigawa kwa wakali tangu asubuhi. Imebaki moja."

"Hiyo iliyobaki ya nani?"

Akatazama orodha. "Mwalimu Veronika. Mpole. Nampa mwanasheria, anafoka tangu jana."

Mimi si mtu wa fujo. Nilifunga mlango wa kabati, nikageuka, nikauegemeza mgongo.

"Sogea, kaka. Dakika moja tu."

"Saa kumi na dakika arobaini nitasogea."

"Mkuu yuko kwenye simu ananisubiri!"

"Mwambie mlango umegoma."

"Wewe ndiye umegoma!"

"Basi mwambie hivyo."

Akanivuta mkono, nikawa mzito. Akanibembeleza. Akanikumbusha kuwa tumetoka mbali. Akasema, "Daftari si lako mwenyewe? Wewe ndiye uliyetufundisha!" Hapo nilizidi kuukaza mgongo mlangoni. Wapita njia walisimama kutazama mafundi wawili wenye mashati ya kutabasamu wakigombea kabati. Saa kumi ikafika. Mgongo ulikuwa unachomwa na bati lililopigwa jua. Sele akachoka, akaketi chini pembeni yangu, akaniuliza, "Kwani huyu mwalimu ana nini saa hizi?" Nikamweleza. Kisha akapiga simu kwa mkuu, akasema kwa ule mdomo wa kwenye kozi, "Mkuu, kabati lina nyuki."

Saa kumi na dakika hamsini Mwalimu Veronika, aliyeambiwa na wapita njia tulipo, alitokea kona ya barabara ameshika chupa ya chai na vikombe viwili. Hakukimbia, lakini kanga ilikuwa inamvuka begani bila yeye kujali.

"Walinikatiza mara moja tu," alisema. "Mmoja wao alipaliwa na maji."

Akamimina chai. Sele akanywa akiangalia chini. Mwalimu alipoondoka, nilirudi chembani, nikalitoa daftari mfukoni, nikalitia kwenye jiko langu la mkaa. Halikushika moto upesi, maana lilikuwa limelowa.

Mngependa hadithi iishie hapo, lakini mimi ni mtu wa kumaliza hesabu. Mwalimu alipata shahada. Mimi wiki tatu zilizofuata nilimalizia mafungu yote ya ungio lile, na kabati la Kilakala likawa zima. Hakuna aliyelalamika. Mwisho wa mwaka mwekezaji akatangaza kupunguza wafanyakazi, ubao ukatazamwa, na mbele ya jina langu palikuwa na malalamiko machache yaliyofungwa kuliko ya fundi yeyote. Barua ilisema eneo langu halionyeshi kuhitaji fundi. Sele, aliyefunga mengi kuliko wote, alifanywa mkufunzi. Simlaumu, alikuja nyumbani kuniaga na alilia kweli.

Sasa mimi ni mteja kama ninyi, na jozi yangu inatoka kabati lile lile la Kilakala. Mwezi uliopita intaneti yangu ilianza kuzubaa. Nikapiga simu mara moja. Baadaye mara ya pili, na ya tatu, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Asubuhi ya pili akaja fundi, binti anaitwa Neema, mchangamfu, shikamoo mbili mfululizo. Hakuwa na ndoo. Alikwenda kabatini, akarudi baada ya dakika tano.

"Jaribu sasa, mzee. Mzigo unashuka fresh."

Nikajaribu. Duma. Sijawahi kuona kasi ile nyumbani kwangu.

"Ulikuwa na nini?" nikamuuliza.

"Jozi ilikuwa mbovu, nimekubadilishia."

"Ile yangu umempa nani?"

Akatazama simu yake. "Usijali, mzee. Huyu hajawahi kupiga hata mara moja. Mwalimu Veronika fulani, wa Kilakala."

Nikageukia kompyuta. Kwenye kioo video ilikuwa inacheza bila kukwama hata kidogo, na nilikuwa nimeisubiri wiki mbili.

"Mrudishie," nikasema.

"Mzee, ukirudi kule utalalamika tena!"

"Nitalalamika. Andika nimelalamika. Lakini mrudishie leo, na ile mbovu niletee mimi."

Aliniangalia kama mtu anayepima homa kwa macho. Akafunga mkoba, akaelekea mlangoni. Nikamwita.

"Neema. Kesho saa kumi na mbili asubuhi njoo hapa, nitakuonyesha chemba yenyewe ilipo."

"Nije na mashine gani ya kupimia, mzee?"

"Njoo na ndoo."